Ada ya Mtazamaji

Mke wangu alifundisha kuogelea kwenye bwawa la manispaa mpaka nywele zake zikageuka rangi kwa dawa ya maji kabla uzee haujazifikia. Mji mzima unamwita Kocha. Mimi mwenyewe humwita Kocha. Tukipita sokoni yeye husalimiwa kwanza, kisha mimi husalimiwa kama mume wa Kocha, ingawa nilikuwa na karakana yangu ya matairi yenye bango nililoliandika kwa mkono wangu, bila kosa hata moja. Sijawahi kuona wivu. Mtu aliyewazuia watoto wa watu wasife maji anastahili kutangulia katika salamu.

Lakini miaka yote hiyo, alichokiona chini ya maji ni vigae. Vigae vya bluu, vingine vimebanduka, na siku moja meno ya bandia ya mzazi fulani aliyekuja kujionyesha mbele ya mwanawe. Alipostaafu aliniomba jambo moja tu.

"Fundi," alisema, "kabla sijaachana na maji, nataka nishuke baharini, chini kabisa, nione pakoje. Na nishuke na Bi Mdogo."

Bi Mdogo ni mjukuu wetu. Jina hilo nilimpa mimi siku alipozaliwa, maana mjukuu wa kike ni mke wa babu yake, na nyumbani Bi Mkubwa alikuwepo tayari. Kocha ndiye aliyemtia majini kabla hajajua kutembea sawasawa. Sasa alikuwa mwalimu wa uzamiaji katika kisiwa kimoja ng'ambo, akiwashusha wageni kwenye matumbawe ya hifadhi ya bahari. Mkataba wake ulikuwa ukingoni. Baada ya hapo alikuwa anahamia kazi ya kuchomelea vyuma vya meli chini ya maji, mahali ambapo bibi wa mtu haruhusiwi kuja kutembea. Kama ni kwenda, ilikuwa ni msimu ule.

"Njooni," alituambia kwenye simu, nasi tumeiweka mezani ili wote tusikie. "Nauli nakata mimi, na mtalala kwangu. Ada na vibali tu ndiyo juu yako, mume wangu. Lakini jipange, maana vibali vya huku ni vingi kuliko samaki."

"Wewe taja," nilimwambia. "Kupanga ndiyo kazi yangu."

Sikuwa najisifu bure. Niliingia shule ya usiku nikiwa tayari baba wa watoto wawili, na grisi kwenye kucha, nikasoma hesabu za biashara na lugha ya kigeni mpaka nikapewa vyeti. Vimetundikwa sebuleni. Chumbani nani angeviona?

"Haya. Viza."

"Hiyo naijua."

"Cheti cha daktari. Mke mwenzangu kapita sitini, bila sahihi ya daktari hagusi maji. Apimwe masikio, moyo na kifua."

"Endelea."

"Bima ya uzamiaji. Ile ya safari ya kawaida haifiki chini ya maji."

"Yaani Kocha akiwa juu ya maji ni mtu, akienda chini si mtu tena?"

"Kwa watu wa bima, ndivyo. Halafu kadi ya mzamiaji. Yale mafunzo niliyompa bwawani nilipokuja likizo yalikuwa bure, ila kadi yenyewe inalipiwa. Kibali cha hifadhi, kila unaposhuka unalipia upya. Ada ya gati. Na fedha iwe taslimu, noti ziwe zimenyooka, iliyokunjwa hawaipokei. Kisha kukodi vifaa: mtungi wa hewa, vazi, mapezi ya miguuni..."

"Kukodi!" nikasema.

Kocha akainua macho kutoka kwenye kikombe chake. "Nilijua hapo ndipo atakapokwama."

Ni kweli, mimi na kukodi hatupatani. Fundi anayeazima nyundo leo, kesho ataazima na mikono. Lakini mtungi wa hewa siwezi kuutengeneza, na mapezi vilevile. Nikatafuta katika vifaa vyote hivyo ni kipi ninachokimudu, nikakipata. Mzamiaji hufunga kiunoni mkanda wenye vizito vya risasi, ile metali laini, ili ashuke asielee. Na vizito vya risasi ndivyo vilivyonilea. Maisha yangu yote nimesawazisha magurudumu kwa kuyabandika vipande vya metali hiyo, kimoja huku, kimoja kule, mpaka yazunguke bila kutikisika. Vipande vya zamani vilijaa ndoo nzima stoo. Nilikumbuka vilevile uzito aliopewa Kocha siku ya mafunzo bwawani, kwa sababu nilikaa pembeni nikatazama jinsi Bi Mdogo alivyomwongezea kidogo kidogo mpaka akatua chini taratibu kama sarafu. Mtu anaweza kusahau sura, lakini uzito mimi siusahau.

Kama vizito navyo hukodishwa au la, sikuuliza. Fundi akiuliza sana kabla ya kuanza, si fundi tena, ni mteja.

Niliyeyusha, nikamimina katika kalibu za udongo, nikalainisha kingo zote kwa tupa zisimkwaruze. Mkanda wenyewe niliushona kwa utepe mnene wa kufungia mizigo. Wakati huo Kocha alikwenda kwa daktari, ambaye alikuwa mmoja wa watoto wake wa bwawani, yule aliyekuwa akilia kila anapovalishwa kofia ya kuogelea. Alimpima kwa heshima zote, akasaini, kisha akasema, "Mwaka huu naweka sahihi kwa roho nyeupe, Kocha. Mwakani tutazungumza upya." Kocha aliniambia maneno hayo akicheka-cheka, lakini cheti alikikunja taratibu sana.

Jioni ya kuamkia safari nikamwekea mkanda mapajani.

"Hiki ni nini?"

"Wako. Hukodishi."

Aliupima mkononi, akashangaa ulivyo mzito. Akasimama, akaufunga juu ya gauni, akaanza kutembea sebuleni kutoka mlangoni hadi dirishani, mkono kiunoni, kama bwana harusi aliyevaa suti ya kushonesha.

"Fundi," alisema, "umenipima saa ngapi?"

"Nimekupima miaka yote."

Akaulaza mkanda ndani ya sanduku, juu ya gauni zake, akaufunika kwa kanga.

Sasa, mtu mwenye cheti cha hesabu za biashara alipaswa kujua kwamba ndege nayo ina mizani. Nilijua. Ila nilidhani mizani ya ndege ni ya kuwatisha wafanyabiashara.

Mlangoni mwa uwanja askari aliona kwenye kioo cha mashine kitu cheusi kama tofali, akatuita pembeni. Elimu ilinisaidia hapo. Nilijua kwamba katika jengo lile neno risasi halitamkwi, hata kama unazungumzia metali. Nikamwambia ni vizito vya mkanda wa mzamiaji. Akamtazama mzamiaji, akaona bibi mwenye miwani ya kusomea iliyoning'inia shingoni, akaturuhusu. Labda alidhani tunatania.

Karani wa mizigo hakudhani tunatania. Alikuwa binti mwembamba mwenye sauti ya upole.

"Mzee, sanduku hili lina nini?"

"Nguo za mama."

"Za chuma?"

"Za sherehe," Kocha akamjibu.

"Mmezidisha, bibi. Mpunguze, au mlipie kila kilo iliyozidi."

Alipotaja bei ya kilo moja niliona imepita hata bei ya nyama. Nikamnong'oneza Kocha tumpe mkanda jirani yetu aliyetusindikiza, ataturudishia nyumbani, huko tutakodi kama watu wengine. Akanitazama kana kwamba nimemwambia tumwache mtoto.

"Mkanda hauachwi. Hizi gauni ndizo zinabaki."

"Utavaa nini huko?"

"Naenda chini ya maji, Fundi. Samaki wananijua?"

Akapiga magoti palepale mbele ya foleni, akafungua sanduku, akatoa gauni mbili, viatu vya kutokea, taulo na zawadi ya mafuta ya nywele, akamrundikia jirani mikononi mpaka kidevu chake kikapotea. Bado tulizidi. Ilibidi nifungue fungu la dharura, ambalo mwalimu wetu wa usiku alitufundisha kuwa haliguswi ila mtu akiwa hospitali, nikalipa. Kocha aliniambia nisikasirike. Sikuwa nimekasirika. Nilikuwa nahesabu kimoyomoyo, na uso wangu hukunjamana nikihesabu.

Bi Mdogo alitupokea kwa kelele. Kwanza alimkumbatia bibi yake, kisha akanizunguka akinikagua.

"Mume wangu, umekonda! Mke mwenzangu anakulisha kweli?"

"Wa kwako wa huku anakulisha wewe?" Kocha akamuuliza.

"Sina wa huku. Nina huyu huyu mzee wetu mmoja."

Tulipofika chumbani kwake, Kocha alitoa mkanda kabla hata ya kuvua viatu. "Ona babu yako alichonitengenezea." Bi Mdogo akaupokea, akafungua mdomo, akamtazama bibi yake usoni, naye Kocha akamkazia macho, kisha Bi Mdogo akaufunga mdomo. "Ni mzuri sana," alisema baadaye. "Kingo zake laini." Mimi niliridhika. Mwalimu mzima kasifu kazi.

Asubuhi tulikwenda gatini. Karani wa pale alikaa nyuma ya dirisha dogo lenye tundu la kupitishia fedha. Bi Mdogo alikuwa akikagua mitungi na nahodha, kwa hiyo mazungumzo niliyafanya mimi, kwa lugha yangu ya shule ya usiku. Noti zangu nilikuwa nimezisafirisha ndani ya kamusi, zimenyooka kama zilivyotoka kiwandani.

"Wazamiaji wangapi?"

"Mmoja, na mwalimu wake. Anashuka mara mbili."

"Na wewe?"

"Mimi nakaa tu kwenye boti. Natazama."

"Mtazamaji," akasema, akavuta karatasi ya rangi nyingine. "Ana ada yake."

Nilidhani lugha imenipiga chenga. "Kutazama kunalipiwa?"

"Ndani ya hifadhi, ndiyo."

"Na nikifumba macho?"

Hakutabasamu. "Utalipia kukaa."

Nikarudi kwa Kocha, nikamweleza. Baada ya ile mizani ya ndege, fedha iliyobaki ilitosha kushuka mara mbili nikibaki nchi kavu, au kushuka mara moja nikiwamo kwenye boti. Hesabu ilikuwa wazi, hata mtoto angeikokotoa.

"Kwa hiyo nabaki hapa gatini," nilisema. "Kuna benchi. Wewe shuka zako mbili."

"Nashuka mara moja, nawe unapanda boti."

"Kocha, unatupa mzamo mzima kwa ajili ya mtu asiye na kazi yoyote mle."

"Bwawani ulikuwa na kazi gani? Kila Jumamosi ulikaa pembeni na kitabu chako, na kuelea hujui."

Ni kweli, sijui. Mganga hajigangi, na mume wa mganga ndiyo hagangwi kabisa.

"Bwawani nilikaa bure," nilisema.

"Nishuke mara mbili, halafu nimsimulie nani?"

"Utanisimulia jioni."

"Utasinzia kabla sijafika kwenye samaki."

Bi Mdogo alikuwa amesogea, akaingiza mkono mfukoni. "Jamani, foleni hiyo nyuma. Ngoja nilipe mimi."

"Tangu lini mke mdogo akamlipia mume mbele za watu?" nikasema.

"Na bi mkubwa ameshasema," akasema Kocha. Akachukua kamusi mikononi mwangu, akaifungua, akatoa noti, akazisukuma chini ya kioo mwenyewe. Mzamiaji mmoja, mara moja. Mtazamaji mmoja. Yule karani alizihesabu na akagonga mihuri, na kwa mara ya kwanza nikaona ameona raha, sijui kwa sababu gani, maana Kiswahili hakukijua.

Tukashuka ngazi kwenda kwenye boti. Pale chini nahodha, mwanaume mnene mwenye kofia iliyofifia, alikuwa akipakia. Pembeni yake palikuwa na sanduku la mbao lililo wazi, limejaa vizito vya risasi vya kila ukubwa, vimetupwa tu kama viazi.

Kocha na Bi Mdogo wakatangulia kuingia botini, nami nikamuuliza nahodha kipande kimoja kinakodishwaje. Lugha yake na yangu zilikuwa ndugu maskini, lakini zilielewana.

"Hivyo? Havina bei. Chukua unavyotaka."

Nilisimama pale. Nikaelewa kwa nini Bi Mdogo alifunga mdomo, na kwa nini Kocha alimtazama vile. Kumbe wote wawili walikuwa wakinisitiri nisiaibike. Nami, badala ya kuwashukuru kimya kimya, nikafanya lile ambalo mwanaume hufanya akigundua anahurumiwa: nikapaza sauti.

"Sisi tunavyo vyetu."

"Vyote?"

"Vyote."

Nahodha hakubisha. Sanduku lile lilikuwa zito, na mgongo ulikuwa wake. Akalisukuma kwa mguu chini ya ngazi, akafungua kamba, tukaondoka.

Tulikuwa wanne tu ndani ya boti. Kocha alivaa vazi la mpira lililomkaa kama ganda la mbegu na kofia ya njano ya kuogelea, akafunga mkanda wangu juu yake, akakaa mikono magotini. Nilimjua: ndivyo alivyokaa asubuhi ya kila mashindano ya watoto wake. Ndani ya hifadhi hairuhusiwi kutupa nanga, inavunja matumbawe, kwa hiyo boti hufungwa kwenye maboya. Tulipofika nahodha alizunguka na kuzunguka akinung'unika. Boya alilolitaka lilikatika kwenye dhoruba na ofisi ilikuwa haijaleta jingine. Mwishowe tukafunga kwenye lile la jirani.

"Maji yametulia sasa," Bi Mdogo alisema, akimkaza bibi yake kamba za mtungi. Sauti yake ilikuwa ya kazi, haina utani. "Baadaye mkondo unaanza na hatutashuka tena. Kwa hiyo taratibu, lakini tusichelewe. Uko tayari, Bibi?"

"Nilikuwa tayari wewe hujazaliwa," alisema Kocha, akaweka mdomoni kile cha kupumulia, akajirusha kinyumenyume kama walivyofundishana.

Akaibuka. Bi Mdogo akamfuata, wakapeana ishara ya dole gumba chini, Kocha akatoa hewa yote kwenye koti lake, lile la kujazwa hewa ili mzamiaji aelee, na akakaa palepale. Kichwa nje, mabega nje. Akapiga miguu, akainamisha kichwa, akajaribu tena. Alielea kama chupa tupu.

Bi Mdogo akakitoa mdomoni kile cha kupumulia. "Babu! Uzito wa mkanda huu uliupimia wapi?"

"Bwawani. Ulimpima mwenyewe!"

"Bwawani maji hayana chumvi, na alivaa nguo ya kuogelea! Chumvi inamwinua, na vazi hili la mpira linaelea lenyewe. Nahodha, nipe vizito vya akiba."

"Viko gatini," nahodha akasema. "Mzee alisema mnavyo vyote."

Bi Mdogo akanitazama.

"Turudi kuvichukua," nilisema.

"Mtu akishaingia majini kibali kimetumika, Babu. Na tukirudi, mkondo hautatusubiri."

Kocha alikuwa akinitazama kupitia ile miwani mikubwa, maji yakimpiga kidevuni. Hakuonyesha lawama. Alikuwa amevuka bahari bila gauni, amelipia kiti changu kwa mzamo wake wa pili, na sasa ule mmoja uliobaki ulikuwa ukielea mbele yangu kwa sababu ya kiburi changu cha dakika moja gatini.

Bi Mdogo alichomoa vizito viwili kwenye mkanda wake mwenyewe, akamwongezea bibi. Kocha akashuka mpaka maji yakamfika kwenye macho. Hapo akakwama, hashuki, hapandi.

"Umekaribia, Bibi! Toa pumzi. Toa yote, kifua kikauke, ukishazama kidogo maji yatalibana vazi nawe utashuka mwenyewe."

Mapovu machache yakatoka. Kocha akapanda tena kidogo.

"Anajaza," Bi Mdogo aliniambia, na sasa nilimsikia akianza kukata tamaa. "Kila nikimwambia atoe, anatoa kidogo halafu anajaza zaidi. Kifua chake hakikubali."

Kingekubalije? Kifua kile kimefundisha nusu ya mji kuelea. Maisha yake yote alisimama ukingoni akipiga kelele, "Jaza kifua! Usiachie!" Watoto wakajaza, wakaelea, wakaishi. Leo wanamwambia akiachie chote, na mwili unakataa kwa sababu una akili zake.

Nikakaa chini, nikajaribu kufikiri kama fundi. Gurudumu likitikisika, wanafunzi hukimbilia kuongeza uzito upande mwepesi. Fundi hutazama kwanza kama kuna kitu cha kutoa upande wa pili. Hapa risasi ya kuongeza haikuwepo. Kilichokuwepo ni hewa ya kutoa, na hewa ile mwenyewe hakuwa na amri nayo.

Ila kuna wakati mmoja ambapo Kocha hubaki bila hewa kabisa, nao naujua mimi peke yangu. Ni akicheka kweli. Si kile kicheko cha kuwafurahisha wageni. Akicheka kweli hatoi sauti hata kidogo: mabega yanatikisika, macho yanafumba, pumzi yote inakwisha, na mimi huogopa kama ataipata tena.

Nikasimama, nikashika ukingo wa boti.

"Kocha!"

Akageuza miwani.

"Nahodha anasema boya lao lilikatika na dhoruba! Anauliza utakaa hapo kwa mshahara gani!"

Mabega yakatikisika mara moja. Bi Mdogo akanitumbulia macho.

"Nimemwambia chakula juu yake na usiku ulale palepale kazini! Lakini kwanza akukatie kibali cha kuelea, maana hapa hata kuelea lazima kuna ada yake!"

Macho yakafumba nyuma ya kioo. Mapovu yakaripuka kuzunguka kichwa chake kama sufuria iliyochemka ghafla, mabega yakatikisika, yakatikisika, na katikati ya kutikisika yakazama. Kisha miwani. Kisha kofia yake ya njano, ambayo niliiona ikigeuka kijani, halafu bluu, halafu sikuiona tena. Bi Mdogo aliinua dole gumba kwangu, akaligeuza chini, akapotea nyuma yake.

Nahodha akavua kofia, akajikuna kichwa.

"Umemwambia nini?" nahodha akauliza.

Nikamtafsiria kwa uangalifu, nikitafuta maneno sahihi. Akafikiri.

"Boya lile ni ghali sana," akasema.

Mapovu yalikuwa yameanza kupanda. Yalipanda kwa mafungu mawili. Ya Bi Mdogo yalikuwa madogo, yamepangika, kama ya mtu aliye kazini. Ya Kocha yalikuwa makubwa na ya fujo, yakija kwa mpigo na kukatika na kuja tena, ya mtu ambaye bado hajamaliza kucheka. Baadaye yakatulia. Yakaanza kwenda taratibu, kwa nafasi, na nikajua amesimama mbele ya kitu fulani na anakitazama.

Yalihamia upande wa kulia wa boti. Nikahamia kulia, nikainama juu ya ukingo.

"Mzee, kaa katikati. Unaipindua."

Nikakaa katikati. Mapovu yakapita chini yetu, yakatokea kushoto. Nikanyanyuka, nikaenda kushoto. Boti ikalala upande.

"Mzee!"

"Nimelipia kutazama," nilimwambia, bila kuyaondoa macho majini.

Nahodha akashusha pumzi, akanyanyuka na unene wake wote, akaenda kukaa upande wa pili ili boti isimame sawa. Mapovu yalipohama tena nilihama nayo, naye akahama kinyume changu bila kuambiwa, na tukaendelea hivyo sisi wawili, huku na huku, mpaka Kocha na Bi Mdogo wakapanda.